Patriots, Efes na ukumbi wa Waturuki pale Kigali

Wiki hii nimechoka na vikao vya madiwani, kwa hiyo leo naomba tuongee kikapu. Najua wengi wenu ni watu wa Simba na Yanga. Vumilieni kidogo.

Jumapili ya tarehe 30 Mei 2021 nilikuwa saluni kwa kinyozi wetu hapa barabara ya Namanga. Nilikuwa bado mwanafunzi wa chuo, mfukoni sina kitu, ila simu ilikuwa na bando la kuungaunga. Nikakaa kwenye benchi la wateja nikiangalia fainali ya BAL, ligi ya kikapu ya Afrika iliyoanzishwa na NBA pamoja na FIBA. Zamalek ya Misri iliifunga US Monastir ya Tunisia 76–63, pale Kigali Arena. Usiku wa siku hiyohiyo, kule Cologne, Ujerumani, Anadolu Efes ya Istanbul iliifunga Barcelona 86–81 na kuwa bingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza.

Siku ile sikuunganisha mambo hayo mawili. Nimekuja kuyaunganisha baadaye, nilipojua kwamba ule ukumbi wa Kigali ulijengwa na kampuni ya Kituruki inayoitwa Summa. Yaani Jumapili moja, Waturuki wanabeba kombe la Ulaya, na Waafrika wanagombea kombe lao ndani ya nyumba iliyojengwa na Waturuki. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia klabu mbili, Efes ya Istanbul na Patriots ya Kigali. Sababu ya kuziweka pamoja mtaiona.

Tuanze na Kigali, maana ni jirani.

Kwa mtoto aliyekulia Arusha, Rwanda ilikuwa ni neno la AICC. Pale ndipo yaliposainiwa Makubaliano ya Arusha tarehe 4 Agosti 1993, ambayo miezi minane baadaye yalikuwa karatasi tu. Na palepale ndipo Umoja wa Mataifa ulipoiweka mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa Desemba 2015. Watu 93 walishtakiwa. Mama yangu aliuza chakula karibu na maeneo yale, na mimi nikiwa shule ya msingi nilizoea kuona magari meupe ya UN kama nilivyozoea kuona Mlima Meru. Ukisema "Rwanda" nyumbani kwetu, watu wazima walishusha sauti.

Ndiyo maana ilinishangaza kuona Rwanda ya kwenye simu yangu ni taa, muziki na watu wanaruka kufunga vikapu.

Ukumbi ule uko Remera, pembeni kabisa ya uwanja wa Amahoro. Amahoro maana yake amani. Mwaka 1994 uwanja huo ulikuwa chini ya jeshi la UN, na maelfu ya watu walijificha humo wakati mitaani wenzao wanauawa. Kikapu cha Rwanda chenyewe kilipoteza watu wake. Mchezaji Emmanuel Ntarugera, aliyejulikana zaidi kama Gisembe, aliuawa mwaka huo, na mashindano ya kumbukumbu yamekuwa yakichezwa kwa jina lake. Kwa hiyo mtu akiniambia kikapu ni starehe ya vijana wa mjini tu, mimi namwambia Kigali wanachezea karibu sana na makaburi.

Patriots haikuwepo enzi hizo. Ilianzishwa mwaka 2014, wakati mfalme wa ligi ya Rwanda alikuwa Espoir, aliyekuwa akibeba ubingwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2016 Patriots wakachukua ubingwa wao wa kwanza, klabu ikiwa na umri wa miaka miwili. Mmoja wa watu waliobadilisha upepo ni nahodha Aristide Mugabe, ambaye alitokea hukohuko Espoir. Mwaka 2017 REG, timu ya shirika la umeme la Rwanda, wakawapokonya. Patriots wakarudi 2018, wakachukua tena 2019 na 2020. Mataji manne ndani ya miaka mitano.

Lile la 2019 lina hadithi yake. Kigali Arena ilijengwa kwa kasi ambayo mtu wa Arusha, aliyezoea kuona barabara ya mtaa ikichimbwa na kuachwa, ataona kama uongo: ujenzi ulianza mwanzoni mwa mwaka huo na tarehe 9 Agosti 2019 Rais Kagame akazindua ukumbi wa watu 10,000. Wala hawakuzindua kwa ngoma na hotuba tu. Walichezesha fainali ya ligi yao, Patriots na REG, na Patriots wakaondoka na kombe. Kabla ya hapo kikapu cha Kigali kilibanana kwenye kile kiukumbi kidogo cha Petit Stade.

Halafu ikaja 2021. BAL ilikuwa ianze Machi 2020 kule Dakar, korona ikaahirisha kila kitu. Mwisho timu zote 12 zikapelekwa Kigali na kufungiwa hotelini, mechi 26 kwa wiki mbili, mashabiki wachache wamekaa mbalimbali. Na Patriots wakawashangaza watu kwa kumsajili J. Cole. Ndiyo, yule yule mwimbaji wa rap wa Marekani. Albamu yake ilitoka tarehe 14 Mei, na tarehe 16 alikuwa uwanjani na jezi ya Patriots dhidi ya Rivers Hoopers ya Nigeria.

Kelele zilizopigwa kuhusu hilo mnazikumbuka. Mimi nilikuwa upande wa wanaoshangilia, nikiri. Lakini Terrell Stoglin wa AS Salé ya Morocco, ambaye ndiye alikuja kuwa mfungaji bora wa mashindano, alilalamika waziwazi kwamba nafasi ile imechukuliwa kutoka kwa mchezaji anayeishi kwa mpira. Sasa hivi, nikiwa mtu mzima ninayelipwa kwa idadi ya habari, namwelewa Stoglin vizuri zaidi. Cole alicheza mechi tatu, akafunga jumla ya pointi 5, akaondoka kwa sababu za kifamilia.

Kilichonikera ni kwamba kelele za Cole zilifunika kazi ya wenzake. Mechi ile ya kwanza Patriots walishinda 83–60. Walikuwepo Kenny Gasana, mzaliwa wa Texas anayeichezea Rwanda, Dieudonné Ndizeye, Steven Hagumintwari, na jirani yetu Mkenya Tom Wamukota, mrefu kama mnara wa simu. Robo fainali waliwatoa Ferroviário de Maputo kwa 73–71. Pointi mbili. Nusu fainali hali ikawa mbaya: Monastir waliwapiga 87–46, kipigo ambacho ukikisoma mara ya kwanza unadhani kuna kosa la uchapaji. Kwenye mechi ya mshindi wa tatu Petro de Luanda nao wakawafunga. Wakamaliza wa nne. Klabu ya miaka saba, kutoka nchi ambayo unaweza kuivuka kwa basi kabla ya chakula cha jioni, nafasi ya nne Afrika.

Sasa Efes, na hapa ndipo nataka tutulie kidogo.

Klabu za Uturuki tunazozijua sisi ni Galatasaray, Fenerbahçe na Beşiktaş, klabu za mpira wa miguu zenye timu za kikapu ndani yake. Efes siyo hivyo. Mwaka 1976 kampuni ya bia iliichukua klabu ndogo ya Istanbul iliyoitwa Kadıköyspor na kuipa jina la bia yake, Efes Pilsen. Haikuwa na mtaa wala historia wala mashabiki waliorithi mapenzi kutoka kwa babu. Ilikuwa na mshahara unaolipwa kwa wakati. Mwaka 1978 ikapanda ligi kuu, 1979 ikawa bingwa wa nchi. Mnaona mfanano na Patriots? Zote zilibeba ubingwa haraka hivyo kwa sababu zilikuta soko halina mpango nazo zikaja na mpango.

Ila Ulaya iliwasubirisha. Mwaka 1993 Efes walifika fainali ya kombe moja la Ulaya kule Turin na kufungwa na Aris ya Ugiriki 50–48, matokeo ya mechi ya shule ya kata. Mwaka 1996 wakachukua Kombe la Korać mbele ya Milano ya Italia, fainali ya mechi mbili, jumla 146–145. Pointi moja! Hiyo ndiyo mara ya kwanza klabu ya kikapu ya Uturuki kubeba kombe la Ulaya. Mpira wa miguu ulisubiri Galatasaray ya mwaka 2000. Mwaka 2011, sheria za matangazo ya pombe zilipokaza, wakaacha jina la bia wakajiita Anadolu Efes.

Kinachonivutia zaidi ni msimu wa 2017–18. Efes walishika mkia EuroLeague. Wa mwisho kabisa, wa 16 kati ya 16. Msimu uliofuata wakafika fainali, wakafungwa na CSKA Moscow. Msimu wa 2019–20 walikuwa kileleni ligi ilipofutwa kwa korona. Ndipo ikaja ile Jumapili ya Cologne, kocha Ergin Ataman, na Mserbia Vasilije Micić akafunga pointi 25. Mwaka uliofuata wakarudia mjini Belgrade, Real Madrid wakalala 58–57. Pointi moja tena. Kutoka kuanzishwa mpaka ubingwa wa Ulaya ni miaka 45, na mmiliki ni yuleyule.

Hilo la mmiliki ndilo linalonifanya nisiwe na haraka ya kuipigia makofi Kigali. Kikapu cha Rwanda kimesimama juu ya mkono wa serikali. REG ni ya umeme, APR ni ya jeshi, ukumbi ni wa serikali, na "Visit Rwanda" iko kwenye jezi za BAL. Machi 2024 Dynamo ya Burundi, mpaka ukiwa umefungwa kati ya nchi hizo mbili, walicheza mechi ya kwanza kule Pretoria wakiwa wameziba maandishi hayo, wakashinda. Mechi zilizofuata wakakataa kuvaa jezi hizo na kuondolewa mashindanoni. Vijana wa Bujumbura waliofuzu kwa jasho lao wakarudi nyumbani kwa sababu ya maneno mawili ya Kiingereza kifuani. Na Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, serikali ya Kongo iliziandikia klabu za Ulaya kuzitaka ziachane na tangazo hilohilo. Mwandishi wa michezo anayeandika habari za ukumbi wa Kigali bila kutaja haya, mimi naona ameandika nusu habari.

Hata hivyo timu imefanya ilichofanya. Baada ya Patriots, REG walikwenda BAL mwaka 2022 na 2023, wakaja APR, na mwaka 2025 APR wakamaliza wa tatu. Patriots walifungua njia, wengine wakaipita.

Na sisi? Sisi tuna Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kwa miaka mingi tulikuwa na mtu mmoja mrefu, na klabu kama Vijana, Pazi, Savio na JKT zikihangaika zenyewe. Dar City ndiyo klabu ya kwanza ya Tanzania kufuzu BAL, msimu wa 2026. Waturuki kwetu wamejenga reli, Yapı Merkezi kutoka Dar mpaka Dodoma, na siwezi kulalamika kuhusu reli. Huku Arusha tumepata Olmoti, uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, mpira wa miguu. Ukumbi wa kikapu hakuna aliyeutaja.

Kuna uwanja wa saruji nyuma ya shule moja hapa jirani. Saruji imepasuka katikati, na ringi moja imeinama upande wa kulia, hivyo vijana wanaoujua wanatupa mpira kushoto kidogo ili uingie. Jumamosi jioni nilipita, nikakaa kwenye tofali nikiwasimulia habari za Patriots na Efes, hizihizi mlizosoma. Walisikiliza sehemu ya J. Cole tu, nikasikitika kidogo. Wakati naondoka, dogo mmoja wa kidato cha pili, mwenye raba zilizofungwa kwa waya, akanifuata mpaka barabarani.

"Kaka, basi la Kigali nauli shilingi ngapi?"

Nikamwambia nitamuulizia stendi.