Chumvi, Barafu na Kiberiti cha Gesi

Anayetoka Bunju kwenda mjini Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo hufika Mikocheni, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo ambacho jeni za mimea zimechunguzwa kwa miaka mingi. Akielekea kaskazini hufika Bagamoyo, kwenye tawi la Taasisi ya Afya Ifakara. Mitambo ya maabara kama hizo ni ghali, lakini kazi ya kumwingizia bakteria DNA ya kigeni ilianza na vitu vya kawaida kabisa.

Mwaka 1970, Morton Mandel na Akiko Higa wa Hawaii walionyesha kwamba bakteria aina ya E. koli, akilowekwa kwenye kalsiamu kloridi ya baridi, hukubali DNA ya kirusi. Mwaka 1972 Stanley Cohen, Annie Chang na Leslie Hsu wa Stanford wakamwingizia plasmidi, kijiduara cha DNA kinachobeba ukinzani dhidi ya dawa. Wanaofanya kazi hiyo leo huwaweka bakteria barafuni, huwashtua kwa maji ya nyuzi 42 kwa dakika moja hivi, kisha huwarudisha barafuni. Baadaye huwaotesha kwenye chakula chenye antibiotiki. Aliyepokea plasmidi huota, asiyepokea hufa. Ujanja wenyewe uko hapo: dawa ndiyo inayochambua.

Miaka ya 1980 mashine za kuwashtua bakteria kwa umeme badala ya joto ili wapokee DNA zikashika kasi, na bei ikawa maelfu ya dola. Mwaka 2020 kundi la Saad Bhamla la Georgia Tech, likishirikiana na wanafunzi wa sekondari, likatoa ElectroPen: kiwashio cha kiberiti cha gesi ndani ya ganda la plastiki lililochapwa kwa printa ya 3D. Kikibonyezwa hutoa zaidi ya volti 2,000, kwa gharama ya senti 23 za Marekani.

Uchapaji wa namna hiyo si mgeni Dar es Salaam. Kampuni ya STICLab iliunda printa za 3D kwa vipuri vya taka za kielektroniki, nayo kampuni ya Bongo Tech ikaunda hadubini za OpenFlexure, zilizotumika Bagamoyo katika uchunguzi wa malaria. Hadubini haiingizi jeni popote, ila mafundi walioiunda wasingehangaishwa na kiberiti.

Kinachobana ni kibali. Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za 2009 zinadai kibali kwa kazi zinazohusu viumbe vilivyobadilishwa jeni. Alois Kullaya wa Mikocheni, aliyekuwa mratibu wa WEMA nchini, mradi wa mahindi yanayostahimili ukame, aliona majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni yakianza Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru yasitishwe na mabaki yaharibiwe.