Mjusi wa Miiba wa Tendaguru

Kentrosaurus aethiopicus ni dinosaria mla majani aliyeishi kusini mwa Tanzania ya leo takriban miaka milioni 152 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Jura. Yumo katika ukoo mmoja na Stegosaurus wa Marekani, ila alikuwa mdogo zaidi: kutoka pua hadi ncha ya mkia alifikia kama mita 4.5, na uzito wake hukadiriwa kuwa karibu tani moja. Zaidi ya nusu ya urefu huo ulikuwa mkia. Miguu ya nyuma ilizidi ya mbele kwa urefu, hivyo kiuno kilipanda juu na kichwa kikabaki karibu na ardhi, panapomfaa mnyama anayekula mimea mifupi.

Silaha zake ndizo zilizompa jina. Kuanzia shingoni hadi katikati ya mgongo palisimama mabamba madogo ya mfupa, jozi kwa jozi. Kutoka hapo mabamba yalizidi kuwa membamba na kuchongoka, mpaka yakawa miiba mirefu iliyoendelea hadi mwisho wa mkia. Palikuwa pia na jozi moja ya miiba yenye kitako cha duara, na hiyo ndiyo iliyowasumbua wataalamu. Edwin Hennig, Mjerumani aliyemwelezea mnyama huyu kwa mara ya kwanza, aliiweka nyongani, na kwa miongo mingi wachoraji wakamfuata. Baadaye dinosaria wa jamii hiyo walifukuliwa China wakiwa na miiba kama hiyo begani, na leo wengi humrejeshea Kentrosaurus miiba yake hapo hapo. Hennig hana lawama kubwa, kwani mifupa aliyokuwa nayo ilitoka ardhini ikiwa chungu nzima iliyovurugika, wala hapakuwa na mzoga mmoja uliolala kama ulivyokufa.

Kichwa ndicho kinachojulikana kidogo kuliko viungo vingine. Ipo sehemu ya fuvu iliyouzunguka ubongo, nayo yaonyesha kwamba ubongo ulikuwa mdogo mno kwa mwili ule. Upo mfupa wa taya ya chini. Na lipo jino moja tu lililo zima, lenye vinundu saba ukingoni na dalili za kulika kwa kutafuna. Michoro yote ya uso wa Kentrosaurus, hata ile inayopendeza sana vitabuni, imejengwa juu ya vipande hivyo na juu ya mafuvu ya jamaa zake.

Mlima wa Tendaguru, palipopatikana mifupa hiyo na ambao kwa kweli ni kilima tu, uko kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler aliona mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Mwaka uliofuata alikuja mtaalamu wa visukuku Eberhard Fraas kutoka Stuttgart, akachukua sampuli na kurudi nazo Ujerumani. Ndipo Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Berlin yakatuma msafara uliochimba kuanzia 1909 hadi 1913, chini ya Werner Janensch na Hennig, na katika msimu wa mwisho Hans Reck.

Wakati huo nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata vita ilikuwa imewaua watu wengi wa kusini. Kazi ya machimbo ilitegemea mikono ya wenyeji, ambao katika msimu mmoja walifikia 500. Walichimba kwa sururu na majembe, wakaisafisha mifupa kwa visu na brashi, wakaifunga kwa plasta, na plasta ilipopungua wakatumia udongo na vifuko vya mianzi iliyopasuliwa. Kisha mizigo ilibebwa kichwani, ile mizito ikaning'inizwa kwenye miti mabegani mwa watu kadhaa, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafiri hivyo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyeweza kuutambua mfupa na kuutoa bila kuuvunja. Jina lake liliingia katika sayansi mwaka 2007 tu, dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Miaka 94 tangu machimbo yafungwe ni muda mrefu kwa heshima kama hiyo, hasa ukikumbuka kwamba majina ya wakubwa wa Berlin yalitolewa papo hapo.

Mifupa ya Kentrosaurus ilianza kupatikana mwaka 1909, na tarehe 24 Julai 1910 Janensch akatambua kwamba ni ya jamii ya Stegosaurus. Sehemu kubwa ilitoka katika mashimo machache, hasa shimo lililoandikwa "St" karibu na kijito cha Kindope. Tabaka za Tendaguru ziliwekwa kando ya bahari, na tope lenye mifupa ya dinosaria hupishana na mchanga wenye kombe za baharini. Jumla ya mifupa ya Kentrosaurus ilizidi 1,200, na Hennig alikadiria kwamba ilitokana na wanyama 50 hivi. Ni dinosaria wachache wa jamii hii wenye hazina kama hiyo popote duniani.

Hennig alitangaza jina Kentrosaurus mwaka 1915. Papo hapo palizuka mabishano, kwa sababu Kanada tayari palikuwa na dinosaria mwenye pembe aitwaye Centrosaurus, aliyepewa jina mwaka 1904. Mwaka 1916 yakapendekezwa majina mawili mbadala, moja na Hennig mwenyewe. Hayakuhitajika: kanuni za majina ya wanyama huyahesabu majina mawili kuwa tofauti yakipishana hata kwa herufi moja.

Mifupa iliyo bora iliunganishwa Berlin mwaka 1924. Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Februari 1945 bomu liliangukia bawa la mashariki la makumbusho. Leo imesalia kama mifupa 350 tu. Kiunzi kilichounganishwa kiliokoka, na katika ukarabati uliokamilika mwaka 2007 kilivunjwa na kusimamishwa upya, mkia ukiwa umeinuliwa badala ya kuburutwa.

Uchache huo haukuzima utafiti. Heinrich Mallison aliichunguza mifupa ya Berlin kwa kompyuta na kuonyesha kwamba mkia, wenye pingili 40 au zaidi, uliweza kufagia nusu duara nyuma ya mnyama. Mshambuliaji aliyesogea ubavuni angepigwa kwa miiba iwezayo kuvunja mbavu. Watafiti wengine, mwaka 2011, waliona kwamba mifupa ya paja ina maumbo mawili, minene na myembamba, idadi ya minene ikiwa karibu maradufu ya mingine. Huenda ndiyo tofauti ya dume na jike. Swali kama hilo huulizika tu mahali palipo na mifupa mingi ya aina moja, na hapo ndipo thamani ya chungu ile ya Kindope inapoonekana.

Waingereza nao walichimba Tendaguru kuanzia 1924 hadi 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria huko Lindi mwaka 1925. Msaidizi wake wa msimu wa kwanza alikuwa kijana Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete nchini Kenya, si mbali na mji wa Ruiru.

Lakini Ruiru na mji jirani wa Thika haziwezi kutoa Kentrosaurus. Mawe ya kujengea yanayokatwa Juja na Ndarugu ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, na lava inayoonekana kwenye maporomoko ya Chania ni ya enzi hiyo hiyo ya volkano, yote ikiwa na umri usiofika miaka milioni 20. Chini yake, na kuelekea Ukambani, iko miamba ya kale iliyopikwa na joto la ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kati ya hayo mawili enzi yote ya dinosaria haipo. Kenya ina mifupa ya dinosaria kaskazini-magharibi mwa Turkana, katika mawe ya mchanga ya Lapur, lakini hayo ni ya kipindi cha Kretasia, kilichofuata Jura. Miamba ya Kenya inayokaribia umri wa Tendaguru iko pwani, katika mawe ya tope yanayozunguka Mombasa. Hayo yaliwekwa chini ya bahari na yamejaa makombe ya amonaiti. Mnyama wa nchi kavu angefika humo kwa bahati tu, mzoga wake ukisombwa na mto.