Mninga wa Buha: Mali Iliyokosa Daftari

Chama chetu Kikuu kinapotimiza mwaka wake wa 10, ni desturi njema kutazama nyuma kabla ya kuendelea na safari. Mazao ya shambani yana wasemaji wengi, nasi hatutayarudia hapa. Twapenda kuandika juu ya mali ambayo hakuna kati yetu aliyeipanda, nayo ni mbao ngumu za misitu ya Kasulu na Kibondo. Historia yake ni ndefu kuliko ya kahawa na ya tumbaku, lakini wachache mno ndio waliopata kuitia katika hesabu.

Katika siku za watawala wa kale, nchi hii ilipokuwa chini ya Mwami wa Heru, Mwami wa Muhambwe na wenzao, msitu ulikuwa ghala la kila nyumba. Humo zilitoka nguzo, mizinga ya nyuki, vinu, makaa ya wafua chuma, na kuni za kuchemshia chumvi ya Uvinza, iliyosifika mbali sana. Mti ulikatwa kwa haja, na haja ilikuwa na kikomo. Hakuna aliyeuza mti ungali umesimama, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuununua.

Mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma. Baada yake kodi iliwasukuma vijana wa Buha kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na mikono yenye nguvu ikapungua nyumbani. Katika miaka ya 1930 serikali ya wakati huo iliwakusanya watu wengi wa Kibondo na Kasulu katika makazi ya pamoja, ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa pori. Basi yafaa tukumbuke kwamba misitu tuionayo leo si yote ya tangu kuumbwa kwa dunia. Mahali pengine miyombo imeota juu ya matuta ya babu zetu. Jambo hili lina fundisho: msitu ukiachwa upumue, hurudi.

Kisha zilikuja sheria. Sheria ya misitu ya mwaka 1957, kama zile zilizoitangulia, iliweka uvunaji wa miti ya thamani chini ya leseni. Mwenye kuitaka mbao alikwenda ofisini kulipa ada, na mkulima aliyekaa karibu na mti huo alibaki mtazamaji. Kuanzia mwaka 1972 watu walihamishiwa vijijini, wakauacha tena msitu nyuma yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha haikupatikana hata mwaka 1982. Hivyo kwa miaka mingi mti ulikuwa na mwenye kuutoza ada na mwenye kuununua, lakini mlinzi aliyefaidika nao hakuwapo.

Tangu mwaka 1993 wilaya zetu zilipokea wakimbizi wengi kutoka Burundi, na tangu mwaka 1996 wale wa Kongo katika kambi ya Nyarugusu. Hatuwalaumu, kwani mtu aliyekimbia vita hana budi kupika. Lakini kuni na miti ya kujengea vilitoka katika misitu ile ile, na wenyeji nao walizidi kufyeka mashamba.

Ndugu wanachama, hasara iliyo kubwa kuliko hizo zote tumeifanya wenyewe. Wengi wetu twalijua jambo hili. Mnunuzi huja katika miezi ya njaa, wakati ghala ni tupu na ada ya shule inadaiwa. Huutazama mninga uliosimama nyuma ya shamba, hutaja bei moja kwa mti mzima, naye mwenye shamba hukubali kabla ya jua kutua. Hakuna aliyeupima. Tufanye hesabu ndogo. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 4 lina mbao ya karibu mita za ujazo 0.79. Mnunuzi akilikadiria kwa macho kuwa ni nusu mita, mwuzaji amekwisha kupoteza zaidi ya theluthi moja ya mali yake, hata kabla ya kubishana bei. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena mali hii haiongezeki upesi. Mche wa mninga hufa juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukijijenga chini, na ndipo siku moja huchipua shina lisilorudi nyuma. Mti unaofaa kupasuliwa mbao huwa umewaona baba, mwana na pengine mjukuu. Adui yake mkubwa ni moto wa mwisho wa kiangazi, unapokuta nyasi zimekauka kabisa. Huko Ndola, Zambia, vipande vya msitu wa namna hii viliwekwa katika majaribio tangu mwaka 1933. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka, miti mikubwa ilikwisha. Palipochomwa mapema, nyasi zingali na unyevu, msitu uliendelea kusimama. Basi anayewasha moto mwezi wa tisa ili apate majani mabichi ya mifugo, anachoma pia mbao za mwanawe.

Je, ipo njia nyingine? Ipo, nayo imekwisha kujaribiwa katika nchi yetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilitambua msitu wa kijiji na msitu wa mtu binafsi. Huko Kilwa, wanakijiji wa Kikole waliutenga msitu wao, wakaihesabu miti ya mpingo na kukubaliana ni mingapi ikatwe. Mwaka 2009 walipata cheti cha Forest Stewardship Council, kinachoshuhudia kwamba mbao zimevunwa bila kuuharibu msitu. Ilielezwa wakati huo kwamba zamani jamii ilipata kiasi cha senti 8 za Marekani kwa gogo, na sasa ingetazamiwa kupata zaidi ya dola 19. Mpingo si mninga, na soko lake ni lingine. Lakini mti haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe alijua anacho nini kabla ya mnunuzi kufika.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Msitu hugawanywa katika mafungu. Kila mti mkubwa hupimwa kwenye kimo cha kifua, hupewa namba na kuandikwa. Mti usiofikia kipimo cha sheria hauguswi, na miti bora kadhaa huachwa iwe mama wa mbegu. Mafungu yakiwa 20, na kila mwaka likaingiwa moja tu, la kwanza halitarudiwa mpaka baada ya miaka 20. Kibali hutangulia shoka, na hati ya kusafirishia hutangulia gari. Mkulima mwenye miti mitatu ni mnyonge mbele ya mfanya biashara, lakini wakulima 100 wenye miti 300 iliyopimwa huweza kumwita wao.

Twasema pia na viongozi wetu. Daftari la miti likifungiwa kabatini, mwanachama atarudi kuuza kwa macho, naye atakuwa na haki. Lisomwe mbele ya mkutano mkuu: miti mingapi ilihesabiwa, mingapi ilikatwa, fedha ngapi ziliingia na nani alilipwa.

Kila mwanachama mwenye kipande cha msitu na aanze kabla ya mvua zijazo kwa kamba, rangi na kalamu. Aihesabu miti yake pamoja na watoto wake, maana wao ndio watakaoivuna mingi iliyo midogo leo.