Alo, naongea na nani? Historia fupi ya kuuziwa vitu kwa simu hapa Bongo

Nilipotea kidogo, majukumu ya chumba cha habari mnayajua wenyewe.

Juzi Jumamosi nilikuwa Mbagala Rangi Tatu kwa mama mkubwa. Tunakula, simu yake ikaita. Namba ngeni. Akaitazama, akaifunika na upande wa kanga, akaendelea na wali wake. Ikaita tena. Nikamuuliza, "Mama, mbona hupokei?" Akasema, "Siijui hiyo namba, matapeli hao." Ilipoita mara ya tatu nikapokea mimi. Alikuwa binti mwenye sauti ya upole kabisa, anauza viwanja Kigamboni kwa malipo ya kidogo kidogo. Alikuwa akiongea haraka haraka kama anayekimbizwa, kisha katikati akapunguza mwendo. Nadhani alishtuka kwamba bado nipo hewani.

Toka siku hiyo najiuliza: hii kazi ya kumpigia mtu usiyemjua na kumuuzia kitu asichokuomba imeingiaje mjini hapa? Na kwa nini mama yangu mkubwa, ambaye ni mtu wa kupokea kila mgeni mlangoni, anaiogopa namba ngeni kuliko mgeni mwenyewe?

Tuanzie mbali kidogo. Enzi za wazazi wetu muuzaji hakuwa na haja ya kumtafuta mtu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara kubwa ya jumla iliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na kufika mwishoni mwa miaka ya 70, hasa baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bidhaa zenyewe zikawa za kuzitafuta kwa tochi. Waulize wazee wa Magomeni na Temeke jinsi walivyopanga foleni ya sukari na sabuni, wengine wakiacha jiwe liwashikie nafasi. Sasa katika hali hiyo nani akupigie simu kukubembeleza ununue sabuni? Anayebembeleza alikuwa mnunuzi. Hata bima ilikuwa na muuzaji mmoja, Shirika la Bima la Taifa, mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Ukiwa peke yako sokoni huna sababu ya kumfukuzia mteja.

Na simu zenyewe ziko wapi? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 tukabaki na Shirika letu la Posta na Simu, lililokuja kugawanywa 1994 tukapata TTCL upande mmoja na Shirika la Posta upande mwingine. Simu ya mezani ilikuwa kitu cha ofisini au cha nyumba za wakubwa. Aliyewahi kuona simu ya kuzungusha iliyofungwa kufuli ili wafanyakazi wasipige atanielewa. Manzese yote ungempigia nani?

Kwa hiyo mimi nasema, na mkatae mkitaka, kwamba mpigaji simu wa kwanza Dar hakuwa na simu. Alikuwa mmachinga. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilimtafuta kama mzururaji, akakamatwa na kurudishwa kijijini, akarudi tena mjini. Mzee Mwinyi alipoingia 1985 na milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, mitumba ikajaa Manzese na Tandika na yeye akapata cha kubeba begani. Tazama mbinu zake. Hakuulizi kama unataka shati. Anakuita "shemeji", anakuwekea shati kifuani, anakwambia limekupenda, halafu anakuuliza una shilingi ngapi. Ukishataja tu kiasi, umeshaingia kwenye biashara. Vitabu vya masoko vinavyofundisha hayo nimeviona vikiuzwa kwa bei mbaya pale mjini, wakati Tandika ni bure.

Simu za kiganjani zilianza kutusogelea katikati ya miaka ya 90 na Mobitel, wakaja Tritel, Zantel 1999, Vodacom 2000 na Celtel 2001. Mnakumbuka namba za 0741, 0744 na 0748? Ungedhani hapo ndipo wauzaji wangetuvamia. Wapi! Dakika ilikuwa ghali, vocha inakwanguliwa kwa uchungu, na mji mzima ulikuwa unabipu. Sasa wewe fikiria muuzaji anambipu mteja... Wakati huo huo Marekani walikuwa wameshachoka na simu za wauzaji wakati wa chakula cha usiku, kiasi kwamba 2003 serikali yao ikaanzisha orodha ya watu wasiotaka kupigiwa. Wenzetu wanakimbia simu, sisi tunazitafuta.

Lakini kuna shule moja ya kuuza kwa simu ambayo sisi tuliifungua wenyewe bila kufundishwa na Mmarekani: kamati ya harusi. Msicheke. Kamati inakaa baa Sinza au Temeke, inaorodhesha majina, na kila mjumbe anatoa namba zote zilizo kwenye simu yake, mpaka za fundi bomba. Kadi za mchango zinatoka. Kisha mweka hazina anaanza kupiga. Hakuulizi kama utachanga. Anakusalimia, anaulizia watoto, anamtaja mtu mnayefahamiana, halafu anasema, "Sasa shemeji, nikuandike ahadi ya ngapi?" Ukitaja, anaomba tarehe. Tarehe ikifika, simu inaita. Kuna watu wamewahi kuchangia harusi ya bwana harusi ambaye mpaka leo hawajawahi kumwona sura.

Rafiki yangu mmoja aliwahi kufanya kazi ya kuwapigia watu simu katika ofisi moja maeneo ya Mikocheni. Ana digrii yake safi ya chuo kikuu. Aliniambia mafunzo ya kazini yalikuwa ya siku mbili, kilichomsaidia ni kuwa katibu wa kamati za harusi za kwao. Alipewa karatasi yenye maneno ya kusoma na orodha ya namba. Mshahara hakuna, kamisheni tu mteja akilipa. Wengi walikata kabla hajamaliza kutaja jina lake, wengine walimtukana. Nikamuuliza zile namba zinatoka wapi. Akacheka. Daftari la mlinzi getini unapoandika jina na namba ili uingie jengoni. Bakuli la kadi za biashara kwenye semina. Fomu ya bahati nasibu. Daftari la wakala wa pesa. Kila mahali tunapoandika namba yetu kwa kalamu iliyofungwa kamba, kuna mtu anaweza kuipiga picha.

Kilichomharibia huyo rafiki yangu kazi, hata hivyo, si uhaba wa namba. M-Pesa ilizinduliwa hapa 2008, wengine wakafuata, na simu ikageuka pochi. Wezi nao wakaona. Ndipo ukaja ule ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameupata: ile hela tuma kwenye namba hii. Au wa mwenye nyumba anayetaka kodi kwenye namba nyingine. Mwizi hakujui wala hajui unadaiwa na nani. Anatuma kwa maelfu, akitegemea kwamba katika watu hao yupo mmoja ambaye dakika ile ile amepanga kumtumia mtu pesa. Hesabu yake ni ile ile ya muuzaji halali: piga wengi, mmoja atakubali. Ndiyo maana anapopiga muuzaji wa kweli, masikio yetu yanasikia mwizi.

Serikali haikukaa kimya. Usajili wa laini ulianza 2009, 2019 tukaambiwa tusajili upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mkakumbuka foleni zile kabla ya Januari 20, 2020. TCRA wakatoa namba 15040 ya kuwatumia ujumbe wa kitapeli. Kwa upande wa wauzaji halali, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mtu awe ameridhia kupokea matangazo, ajue anayemtumia ni nani, na apewe njia ya kujitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Sheria nzuri. Lile daftari la getini nalo lipo pale pale, na kalamu yake ya kamba.

Nirudi Mbagala. Nilimuuliza yule binti namba ya mama aliipata wapi, akasema "kwenye mfumo". Sikumbana zaidi, na yeye anatafuta riziki. Nilipokata, mama mkubwa akauliza kwa sauti ya kutojali, "Kigamboni sehemu gani?" Nikamwambia Kibada. Akanyamaza. Mnakumbuka mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, Kibada, Gezaulole, Bunju, Mbweni? Watu walihangaika wenyewe kuzifuata fomu, hakuna aliyepigiwa simu.

"Kibada," akasema, "mimi na baba yako mkubwa tulichelewa fomu."

Akachukua simu yake, akavaa miwani, akaanza kuisevu ile namba taratibu, herufi moja moja. Nikachungulia. Ameandika: Tapeli Kiwanja.