Bentley Nyekundu ya Birkin

Tazama puani mwa gari, mbele ya rejeta. Bonge hilo la chuma ni supachaja, mtambo wa kushindilia hewa kwenye injini ya lita 4.5. W.O. Bentley mwenyewe, mwasisi wa kampuni, hakuutaka. Aliona unaichafua kazi yake. Tim Birkin, dereva wa mashindano, hakumsikiliza. Fedha alizitoa Dorothy Paget, bibi tajiri mwenye farasi wa mashindano, na gari likawa mali yake.

Kiti ni kimoja tu. Tarehe 24 Machi 1932, Birkin alizunguka uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza, juu ya zege lenye matuta, kwa kilomita 222 kwa saa: rekodi ya uwanja. Mwaka uliofuata alifariki.

Baadaye gari lilimilikiwa na George Daniels, fundi wa saa, mtu aliyezoea vijigurudumu vya kushikwa kwa kibanio. Alifariki 2011, na mwaka 2012 gari likanadiwa huko Goodwood kwa zaidi ya pauni milioni 5.