Vibwengo wa Bournemouth

Usiku mmoja wa mwaka 1885, mjini Bournemouth, kusini mwa Uingereza, Fanny Stevenson alizinduliwa na mayowe ya mumewe aliyekuwa bado usingizini. Akamwamsha. Badala ya shukrani akapata lawama: ndoto ilikuwa imefika patamu, naye ameikata.

Mumewe, mwandishi Robert Louis Stevenson, ambaye wazee wetu wengi walimjua kupitia Kisiwa chenye Hazina, alikuwa mgonjwa wa mapafu na mwenye shida ya fedha. Siku mbili alikuwa akisaka kisa bila kukipata. Usiku kikaja chenyewe: mtu dirishani, kisha Hyde, anayewindwa, anameza unga wa dawa na kugeuka umbo mbele ya wanaomwinda. Basi. Yaliyobaki ya riwaya ya Dk. Jekyll na Bw. Hyde, kwa maelezo yake mwenyewe, aliyatunga akiwa macho.

Lakini ndoto nayo ina ghala lake. Utotoni, chumbani mwake Edinburgh, palikuwa na kabati lililochongwa na William Brodie, seremala na diwani aliyeheshimiwa mjini mchana, ambaye usiku alikuwa akiwaibia wateja wake kwa funguo alizonakili. Alinyongwa mwaka 1788. Ukubwani Stevenson alishirikiana na rafiki yake Henley kumwandikia Brodie tamthilia; haikutamba. Mtu wa sura mbili akarudi kwa mlango wa nyuma.

Mwanawe wa kambo, Lloyd, alisimulia kwamba rasimu ya kwanza iliandikwa kwa siku tatu, Fanny akaikosoa, mwandishi akaitupa motoni, kisha akaandika upya kwa siku tatu nyingine. Siku hizo tatu-tatu zinanitia shaka kidogo. Masimulizi ya nyumbani hupenda hesabu nzuri. Kitabu kilitoka Januari 1886, na katika miezi sita ziliuzwa nakala zipatazo 40,000.

Mwaka 1888 Stevenson aliwataja wasaidizi wake katika makala kuhusu ndoto: vibwengo wa Kiskochi, wale wanaofanya kazi za nyumbani wenye nyumba wakiwa wamelala. Ndio, alisema, wanaomfanyia nusu ya kazi, na huenda hata ile nusu anayodhani ni yake. Yeye hushika kalamu, hupogoa maneno, hukaa mezani na kufunga bahasha ya kumpelekea mchapishaji. Na dhamiri ni yake. Vibwengo, alilalamika, hawana hata chembe.