Kabla ya "Tetema" kulikuwa na "Kwetu"

Kuanzia Kasumulu mpakani hadi Matema ziwani, jina Mwakyusa halihitaji maelezo. Ni la Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela na Rungwe. Ndilo jina la Raymond Shaban Mwakyusa, mzaliwa wa Mbeya mwaka 1993, ambaye mashabiki wanamjua kama Rayvanny au Vanny Boy.

Dogo alianza kwa kuchana, akapita Tip Top Connection, kisha akatua WCB ya Diamond Platnumz. Mwaka 2016 akaachia "Kwetu", na hapo ndipo mambo yakabadilika.

Nyimbo nyingi za mapenzi huahidi magari na maisha ya kifahari. Yeye akaenda kinyume: kijana kampenda binti, ila anaogopa kumpeleka nyumbani kwa sababu kwao ni maisha ya chini. Watu wakajiona mle ndani. Nani hajawahi kuona aibu kumkaribisha mpenzi kwao?

Mwaka 2017 kura za mashabiki zikampa tuzo ya BET. 2019 ikaja "Tetema" akiwa na Diamond, ngoma ya kucheza iliyomfikisha kwa Maluma wa Colombia na jukwaa la MTV EMA, Budapest, mwaka 2021. Mwaka 2022 akaaga WCB, akaendelea na lebo yake, Next Level Music.

"Tetema" ndiyo inayoinua watu vitini harusini. "Kwetu" unaisikiliza peke yako, mfukoni hamna kitu, na bado unapenda. Hiyo ndiyo haichuji.